Jumapili ya Bamvua

Foibe hakuingia baharini siku ya Jumapili. Kanuni hiyo aliiweka tangu mumewe, Mwalimu Elinami, alipomleta kisiwani Jibondo kutoka milima ya Upare. Hakuivunja hata bamvua lilipoangukia siku hiyo, maji yakatoka mbali kabisa na wanawake wote wa kisiwa wakashuka kufunga mwani kwenye kamba zao.

Kisiwani hapakuwa na kanisa. Jumapili mume na mke walifunga mlango wa chumba cha mbele, wakasoma, wakaimba kwa sauti ya chini, wakaomba. Majirani, Waislamu wote, walizoea. Mwanahalima, ambaye shamba lake la mwani lilipakana na la Foibe, alifanya zaidi ya kuzoea. Yeye Ijumaa hakushuka, basi Ijumaa Foibe alimfungia kamba zake, na Jumapili Mwanahalima akamfungia Foibe. Hawakukaa chini kupatana. Ilianza tu, kama majirani wanavyopeana moto wa jikoni.

Kisha Mwalimu Elinami aliugua, akafa, akazikwa Kilindoni, mjini ng'ambo ya maji. Foibe alirudi Jibondo kwenye mwani wake, na kanuni akaendelea nayo. Mlango ulifungwa kila Jumapili, lakini ndani hapakusomwa kitu wala kuimbwa. Foibe alikaa mkekani akitazama mwanga wa dirisha ukipanda ukutani kidogo kidogo kama maji yanayojaa, mpaka akaona chumba kizima kimo chini ya bahari, na yeye ni kitu kilichozama zamani ambacho hakuna anayekitafuta. Hali hiyo huonewa huruma, na ni haki. Lakini mtu anayefunga mlango ili watu wadhani anaomba, naye haombi, anadanganya hata kama hajafungua kinywa.

Mwaka huo joto liliingia ndani ya maji. Mwani uligeuka mweupe, ukalainika, ukakatika vipande na kwenda na mkondo. Mmoja mmoja wanawake waling'oa vijiti vya kamba zao wakaacha. Foibe na Mwanahalima walibaki wawili, wakahamishia mbegu zao chache, vipande vya mwani vilivyokuwa vizima bado, kwenye kina chenye ubaridi, mahali panapofikika kwa bamvua tu. Kule mchanga uling'aa hata macho yakauma, na kisiwa nyuma yao kilielea hewani, hakigusi maji. Mtu akikohoa ufukweni, sauti iliwafikia kama imetoka usingizini.

"Hizi nazo zikifa, mimi basi," Mwanahalima alisema siku moja. "Taufiki anataka tuhamie Kilindoni, nikauze maandazi." Taufiki ni mumewe, fundi wa mashua.

"Maandazi yako, dada? Watu watayajengea msingi wa nyumba."

"Na ugali wako wa bara je? Umenikwama hapa tangu mwaka juzi."

Walicheka, wakainama tena.

Jumamosi moja ya bamvua upepo ulivuma mchana kutwa. Kesho yake asubuhi Mwanahalima alipiga hodi kwa nguvu.

"Mama Mwalimu! Vijiti vimeng'oka. Kamba zako na zangu zimeshikilia upande mmoja tu, zinaelea kama nywele. Twende sasa hivi, maji hayatatungoja."

"Leo Jumapili, dada."

"Kwani nimekuja kukuuliza tarehe?"

"Siwezi."

Mwanahalima alimtazama. "Haya. Siku yako ni siku yako," akasema, akaenda zake mbiombio. Foibe akafunga mlango, akakaa mkekani.

Mwanahalima alirudi maji yamejaa, kanga imemganda mwilini, viganja vimechanika kwa kamba. Alikaa kizingitini.

"Zako zimesimama."

"Na zako?"

"Jumapili huwa naanza na zako. Nimeanza na zako. Nilipogeukia zangu, maji kifuani, zimeshakwenda."

"Sikulaumu. Ila niambie kitu kimoja. Humo ndani unamwambia nini Mungu wako? Angalau nijue."

Angeweza kutunga jibu. Hakutunga.

"Simwambii kitu. Tangu Elinami afe, nakaa tu."

"Unakaa tu! Astaghfirullahi! Mimi nasombwa na maji huko, wewe umekaa tu? Si bora ungelala, tujue moja!"

Foibe alicheka, kicheko kikageuka kilio. Mwanahalima akangoja mpaka kikaisha.

"Basi sema leo," akamwambia. "Ulizoea kusema na mwalimu. Sema na mimi."

Foibe alisimulia habari za wanawake waliotoka alfajiri, siku ya kwanza ya juma, ndiyo Jumapili, wamebeba manukato ya kumpaka maiti waliyempenda. Hawakuwa na tumaini lolote, walikuwa na kazi ya kufanya tu, wakaenda kuifanya. Wakakuta jiwe limekwisha ondolewa, na Yesu hayumo kaburini. Alisema anaamini kwamba Yesu yu hai, na kwamba Elinami atafufuliwa. Imani hiyo alikuwa ameiacha kama mtu anavyoacha kufagia uwanja, leo hapana, kesho hapana. Alipokuwa akisema, alisikia sauti yake mwenyewe kana kwamba inamjia kutoka mbali, kavu na safi, na aliyaamini maneno yake.

"Sisi juu ya Isa hatusemi hivyo," Mwanahalima alisema. "Unajua."

"Najua."

"Lakini kufufuliwa, tutafufuliwa. Hapo sina ugomvi nawe. Na hao wanawake, Jumapili walitoka kwenda kazini."

"Walitoka."

"Haya."

Kesho yake Foibe aligawa mbegu zake mafungu mawili sawa, akafunga nusu kwenye kamba mpya za Mwanahalima. Tangu hapo anaomba kweli, mlango wazi, na anaimba hata wapitao wanamsikia. Mtu akimwuliza juu ya tumaini lake, anamjibu. Mwani wake mwenyewe bado haufungi Jumapili, na hafanyi kosa. Lakini kitu cha jirani kikiwa hatarini, siku yoyote, anatoka. Ndivyo ilivyopasa kuwa tangu mwanzo.

Nusu ile ya mbegu haikutosha. Mwanahalima alihama Jibondo kabla ya mvua. Jumapili ile ilimgharimu Mwanahalima shamba lake, na Foibe ilimgharimu jirani.