Pua ya Shangazi na Vitambaa Sita

Shangazi yangu ndiye mpishi wa udi wa duka letu pale Kariakoo. Kila mteja ana mchanganyiko wake, na Shangazi hamuuzii mtu udi wa mwenzake hata alie machozi. Nilipokuwa mwaka wa mwisho chuoni nikisoma saikolojia, aliugua mafua makali. Alipopona, Baba akaamua kwamba pua ya dada yake imekufa, atafutwe mpishi mwingine. Siku hiyo Shangazi hakula. Mimi nilikasirika, maana namjua: mtoe kwenye sufuria ya udi, umemmaliza.

Nikapendekeza jaribio. Wateja sita wafukize kila mmoja kitambaa cheupe kwa udi wake, Shangazi anuse na kusema kipi cha nani. Nilimwomba rafiki yangu avikusanye na kuvipa namba, kwa sababu uso wangu hautunzi siri.

Baba alitaka apatie vyote sita. Nikamweleza kwamba hata mtu wa kubahatisha, kwa wastani, hupatia kimoja. Lakini njia za kuvigawa ni mia saba na ishirini, na kumi na sita tu ndizo zinazotoa vinne au zaidi. Bahati ya namna hiyo haiokotwi. Tukaandika kabla ya kuanza: vinne vinatosha. Baba akatia saini shingo upande.

Shangazi akanusa bila haraka, akapatia vinne. Kitambaa cha mteja wa Upanga alisema ni cha mteja wa Buguruni, ambaye ni wifi wa huyo wa Upanga, na cha Buguruni akasema ni cha Upanga. Nilirukaruka dukani kwa furaha, yeye kanuna.

"Sijakosea," akasema, akapiga simu Upanga.

Mteja akajiumauma, mwisho akakiri. Yeye na wifi yake kila mmoja aliutamani udi wa mwenzake, na kwa kuwa walijua Shangazi hatawauzia, walikuwa wakibadilishana kimyakimya.

Shangazi alicheka mpaka akakaa chini, akaniamuru niandike sita. Nikakataa, majibu yakishatoka hayaguswi, na vinne vilishatosha. Akasema niandike nipendavyo, pua yake anaijua mwenyewe.

Baba alikuwa akikunja vitambaa kimoja kimoja.

"Dada," akasema hatimaye, "sandali ya kupikia udi wa kesho nikuletee kiasi gani?"