Waliotengeneza Kaseti ya Korongo

Mwaka 1998, katika soko la kambi ya wakimbizi wa Burundi ya Lukole, wilayani Ngara, hakuna aliyejisumbua kubishana na Ndizeye juu ya kaseti za gemu. Kibanda chake kilikuwa cha udongo na turubai. Ndani yake mlikuwa na televisheni ndogo, jenereta ya kukodi na vijana waliogombea zamu. Mfanyabiashara akimletea kaseti, Ndizeye hakuitazama lebo. Alisema lebo ni nguo ya mtumba, humkaa yeyote.

Kaseti zote zilikuwa bandia, hilo kila mtu alilijua. Lakini bandia nazo zina wazazi, na Ndizeye aliwatambua wazazi hao. Kampuni zilizozitengeneza, huko mbali Asia, zilijificha kwa kila njia. Zilichukua gemu la wenyewe, zikalifuta jina la mtunzi kwenye skrini ya kwanza, kisha zikaandika jina lingine au zikaacha weusi mtupu pale herufi zilipokuwa.

"Hata mwizi ana mwendo wake," Ndizeye aliwaambia vijana.

Kampuni moja aliiita ya Yungiyungi kwa sababu ya ua dogo lililochapwa kwenye bodi, kile kibao cha chipu ndani ya kaseti. Hiyo ilikata muziki wa mwisho ili kubana nafasi. Nyingine aliiita ya Korongo. Ilichapa ndege aliyesimama kwa mguu mmoja, kwenye bodi na kwenye skrini, na weusi wake ulikuwa mpana kupita kiasi, kana kwamba aliyelifuta jina lile alikuwa na kisasi nalo.

Kusoma kaseti alifundishwa na kaka yake, Ciza. Ciza alifanya kazi Bujumbura katika chumba cha nyuma cha duka moja, akipachika bodi ndani ya maganda ya plastiki na kubandika lebo. Oktoba 1993, nchi ilipowaka moto, alitoka dukani kurudi nyumbani na hakufika. Mama yao, Speciose, alivuka mpaka na Ndizeye pamoja na Nimpaye, mke wa Ciza, bila mwili wa kuzika wala kaburi la kuliacha nyuma.

Sasa wazee wa ukoo waliokuwa kambini walisema imetosha. Ifanywe ganduka, sherehe ya kufunga matanga. Kabla ya ganduka nyumba haioi wala haiozi, na mjane hukaa kama mtu aliyesimama mlangoni, hayuko ndani, hayuko nje. Nimpaye alikuwa amechumbiwa na seremala mmoja mpole. Siku ya ganduka ilikuwa imekwisha kupangwa wakati kaseti ile ilipofika.

Aliileta Celestini, mchuuzi kutoka Nyakahura, Biharamulo, aliyekuja kila siku ya soko na mkoba wa kaseti begani. Ndizeye aliifungua kwa bisibisi ili aisafishe. Ndani ya ganda, kwenye kona, plastiki ilikuwa imeyeyushwa na kukandamizwa kwa dole gumba ilipokuwa bado laini. Katikati ya alama ile ulipita mchirizi uliopinda.

Ndizeye akaketi chini.

Ciza hakupenda kutumia skrubu za ndani. Aliyeyusha vishikizo vya ganda na kuvikandamiza kwa dole gumba lake, akiapa kwamba haliungui. Dole lile alilikata utotoni kwa mundu wa migomba, na kovu lake lilipinda hivyo hivyo.

Alipoiwasha kaseti, skrini ilionyesha weusi mpana na korongo. Kaseti zote za Korongo alizowahi kuzifungua zilikuwa na chipu za mwaka 1995 na kuendelea. Kabla ya hapo kampuni ile haikuwepo. Akasoma namba za chipu hii. Ilikuwa ya 1996.

Kwa hiyo mwaka 1996, mahali fulani, Ciza alikuwa hai na dole lake lilikuwa kazini.

Aliwapasha habari nyumbani, na ganduka ikaahirishwa. Mama Speciose alianza kuja kibandani mchana, wakati vijana wako shuleni. Aliketi mbele ya televisheni na kutazama gemu la Korongo likijionyesha lenyewe, mtu mdogo akikimbia, akiruka, akianguka, akianza tena.

"Nani anamwendesha?" aliuliza siku moja.

"Hakuna mtu, Mama. Likiachwa bila mchezaji, linajicheza."

"Mtu hakimbii hivyo bila kufukuzwa," alisema mama, na hakuyaondoa macho.

Tangu hapo Ndizeye hakuweza kulitazama kwa amani. Alizima televisheni, lakini kwenye kioo cheusi aliona umbo limesimama nyuma yake. Alipogeuka, palikuwa na turubai tu, likivutwa na upepo. Kila mgeni aliyeinama kuingia kibandani, Ndizeye alimtazama kwanza mkono, akitafuta lile kovu.

Nimpaye alimfuata hukohuko.

"Shemeji, habari za mizimu?"

"Usitanie, shemeji. Chipu ni ya tisini na sita."

"Wewe unazisoma kaseti kama padre na Injili. Na mimi nisome nini? Kama yu hai, miaka yote hii ameshindwa hata kutuma salamu? Basi ameniacha. Kama amekufa, mnanifunga kwa maiti. Nichagulie moja."

Ndizeye aliigeuza kaseti mkononi.

"Seremala amesema atasubiri mavuno haya tu," aliongeza Nimpaye kwa sauti ndogo. "Yeye si kampuni. Jina lake nalijua na kwao nakujua."

Celestini alipotokea tena sokoni, Ndizeye alimdaka kabla hajatua mkoba.

"Kaseti ile ya Korongo uliitoa wapi? Nani aliipachika?"

"Ipi? Ile? Niliipachika mwenyewe!" Celestini alicheka. "Umeipenda kazi yangu, fundi?"

"Wewe?"

"Bodi za Korongo zinakuja tupu, zimefungwa kwenye gazeti. Maganda nanunua ya kaseti zilizokufa, gunia zima, yanatoka Bujumbura. Nang'oa bodi ya zamani, naweka mpya. Ganda ni nyumba, bwana. Mpangaji akihama, anaingia mwingine."

Ndizeye alirudi kibandani akaifungua kaseti kwa mara nyingine. Vishikizo vilivyobanwa na dole lile vilikuwa vimekatwa kwa kisu ili bodi nyingine ipite, na bodi ya Korongo ilishikwa kwa gundi ya njano. Kwenye ukingo wa ganda kulikuwa kumebaki kipande cha bodi ya kwanza, chenye nusu ya ua la yungiyungi. Alikuwa ameviona vyote tangu siku ya kwanza. Yeye asiyeamini lebo alikuwa ameliamini ganda, kwa sababu alitaka kuliamini. Ciza aliibana bodi ya Yungiyungi, kabla ya Oktoba ile. Ya Korongo hakuijua kamwe.

Alikwenda moja kwa moja nyumbani. Mama Speciose alikuwa nyuma ya nyumba, ameinama juu ya majani ya mgomba yaliyotandazwa.

"Mama, nilikosea. Ganda ni la Ciza, bodi si yake. Alama ile ni ya zamani. Haituambii kwamba yu hai."

Mama hakuinua kichwa. Alifunua majani. Chini yake mtama uliolowekwa kwa ajili ya pombe ya ganduka ulikuwa umeota, mizizi myeupe imeshikana kama nywele.

"Niliuloweka Jumapili," alisema. "Niliona unavyomtazama kila mgeni mkono. Nikasema, huyu naye anaondoka, na huyu bado ninaye."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningesema mimi, ungesema nimemuua. Nilitaka ulete neno hilo mwenyewe."

Alisogea kando ili ampe nafasi. Ndizeye akapiga magoti, na wote wawili wakaanza kuutenganisha mtama kwa vidole, taratibu, wakiuanika juani. Walipofika katikati ya tandiko mama akamwambia aende akamwite Nimpaye, kwa kuwa kusaga ni kazi ya mjane, na siku zilizobaki ni chache.

Ndizeye akainuka, akapangusa mikono, akaenda kumwita.