Mama Aliyetajwa Miongoni mwa Marehemu

Juzi, kwenye kaunta ya maktaba moja hapa Kampala, mbele yangu alisimama mama mmoja wa Makindye anayeandika vitabu vya watoto. Alitaka kujua kwa nini katalogi ilimpa vitabu ambavyo hakuviandika.

Mkutubi, binti mpole, akamgeuzia kompyuta, akimwita kwa heshima ya Kiganda. "Nyabo, kuna mwandishi mwingine mwenye jina lako. Alifariki zamani. Hapa mmekuwa mtu mmoja."

"Kwa hiyo mimi ni marehemu?"

"Kwenye katalogi, ndiyo. Nitajie mwaka wako wa kuzaliwa niuandike kando ya jina, mtatengana."

Mama akatutupia jicho sisi wa foleni, kisha akamwinamia binti, akanong'ona.

"Sijasikia, nyabo."

Akanong'ona tena, mkono mdomoni. Binti akatikisa kichwa. Basi mama akajinyoosha, akautaja mwaka wake kwa sauti iliyowainua vichwa hata wasomaji wa kule dirishani. "Andika! Afadhali mnione mzee kuliko kunizika."

Tulicheka, naye akacheka kutushinda. Mimi nami huwa nauficha mwaka wangu, nikidhani ndio unaonizeesha. Kumbe mwaka wa kuzaliwa ndio uliomrudishia mama jina lake na vitabu vyake.

Mkutubi akaandika mwaka, kisha kistari.

"Na hicho cha nini?"

"Baada yake huandikwa mwaka wa kufariki, nyabo. Kwako tunapaacha wazi."

"Paacheni," akasema mama, akichukua mkoba wake. "Nina vitabu viwili sijavimaliza."