Penalti za Mzungu wa Danemark

Dawa ya chanjo ya surua ilifika Butembo wakati wa vita, ndani ya sanduku moja la barafu lililotoka Beni kwa jeep. Watoto walikuwa wanakufa. Kwa jirani yangu walizika wawili katika wiki moja. Mimi nilikuwa na binti wa miezi kumi mgongoni, na tangu asubuhi nilikuwa kwenye mstari mbele ya santé, kituo chetu cha afya, pamoja na mama wengine, tunangoja sanduku hilo.

Halikufika. Lilikuwa limekamatwa kwenye bariyeri ya waasi karibu na uwanja wa mpira, na sababu yake ninaiandika kama ilivyokuwa, msinitukane mimi: mzungu aliyelileta alikuwa zamani mshambuliaji wa mpira kwao Danemark.

Askari walipopekua pochi yake walikuta picha ya gazeti la zamani, imekunjwa mara nne, yeye na bukta fupi anarukia mpira kwa kichwa. Mtu mzima anatembea vitani na picha yake mwenyewe. Komanda akaitazama, akamtazama mzungu, kitumbo na kipara, akasema huyu ni mpelelezi. Kama ni kweli alicheza, afunge penalti moja mbele ya watu. Akifunga, sanduku lipite.

Donc tulihama na mstari wetu wote hadi uwanjani. Na golini alisimama nani, na gants zake mikononi, glavu za kuchomelea vyuma? Mume wangu. Askari walikuwa wamemtoa kwenye kazi yake, kwa sababu mtaani kwetu hakukuwa na gardien mwingine wa kumfikia.

Komanda alitaka kwanza asikie maisha yote ya mpira ya mzungu. Pasta mmoja aliyejua Kiingereza akatafsiri kwa sauti ya mahubiri. Mzungu alianzia kijijini, timu ya kwanza ilimlipa nyama ya mbuzi. Mimi nilisoma Kiingereza kidogo shuleni, nilisikia nguruwe, lakini wafanyabiashara Waislamu walikuwa wamesimama mbele na pasta ni mtu wa heshima. Halafu aliitwa timu ya taifa, akakaa kwenye benchi mashindano mazima, akaingizwa dakika nne za mwisho. Halafu Ujerumani, ambako watazamaji walimzomea. Halafu goti. Sasa anakagua frigo za chanjo.

“Na penalti,” mume wangu akauliza kutoka golini, “alikuwa anapiga upande gani?”

Pasta akauliza. Mzungu, mkweli kama mjinga, akanyoosha kidole kushoto.

Akapiga kushoto. Mume wangu akadaka. Komanda akamwongezea nyingine. Akapiga kulia, polepole, kwa lile goti, mume wangu akadaka tena, akaubusu mpira. Wa tatu ulipita juu. Uwanja ulikuwa unacheka. Mimi niliangalia sanduku: maji yalikuwa yameanza kudondoka vumbini.

Nikaingia golini.

“Baba mutoto, acha moja ipite.”

“Mama mutoto, toka huku. Batu banaangalia.”

“Maji inatoka mu sanduku.”

“Mwaka muzima hakuna mutu alinifunga. Unataka nifungwe na huyu muzee wa kitumbo?”

“Mutoto ni wako.”

“Basi apige muzuri. Mimi namukataza?”

Nikamshika mkanda kwa nyuma, mikono miwili, nikavuta mpaka akakaa chini. Pasta akamwambia mzungu apige. Mpira ukabingirika kama kiazi, ukaingia. Komanda akacheka, akasema goli, sanduku lipite.

Ilikuwa imekwisha. Mzungu akatikisa kichwa, akamnong’oneza pasta. Pasta akakohoa.

“Afande, anasema ile si goli. Anasema tangu aanze mpira hajapewa goli bure. Anaomba irudiwe.”

“Na mimi naomba,” mume wangu akasema, bado amekaa chini.

Komanda akafikiri, akavua kofia, akaanza kupima hatua upya kutoka mstari wa goli. Alikubali. Wanaume watatu, lugha tatu, na wote walielewana.

Nikawaacha. Nilienda kwenye sanduku, nikajitwika. Askari aliyelilinda hakugeuza hata kichwa.

“Mama, hiyo iko ya Afande.”

“Afande iko wapi?”

Akamtafuta kwa macho. Afande alikuwa ameinama anachora alama ya penalti kwa kisigino.

“Basi enda mbio,” akasema. “Na usinizibie, anataka kupiga.”

Mama wengine wakanifuata, mstari uleule, kila mmoja nafasi yake. Maji baridi yalinishuka shingoni njia nzima. Kwenye santé muuguzi alifungua, akaingiza mkono, akatoa kipande cha barafu kama ngumi ya mtoto. Dawa ilikuwa bado nzima. Akavuta sindano. Kule uwanjani watu wakapiga kelele kubwa, na mkono wake ukasimama hewani.

“Nani amefunga?” akaniuliza.

Nikamfunua binti yangu paja.

“Choma,” nikamwambia.