Redio Iliyomeza Salamu

Ndugu zangu, nabandika karatasi hii ili kukanusha uvumi kwamba redio yangu imemtukana Mzee Saidi.

Redio za mkononi anazozungumzia na madereva wake zilikuwa zikimaliza mawe upesi mno. (Naam, betri, kwa wapenda Kiswahili cha shule.) Mimi, mhitimu wa elektroniki, nikazitilia saketi ya kuzilaza panapokuwa kimya na kuziamsha sauti inapoingia.

Leo, mbele ya wateja dukani kwake Gitega, Mzee akabonyeza, akatamka: "Asalaam aleikum!"

Dereva, ng'ambo ya barabara, akajibu: "Leikum gani, Mzee?"

Duka zima likaangua kicheko.

Mimi sikucheka.

Mzee akanigeukia: "Wewe mwana, redio yako imenilia amani yote! Mlinzi anayelala kazini mimi namfukuza. Kitoe kidude chako, ama utoke nacho dukani kwangu."

Sikitoi.

Aliyelala huhitaji nukta moja ya kuzinduka. Basi tufanye kama mlangoni: bonyeza, piga hodi, ndipo usalimu. Redio itameza hodi. Salamu itafika nzima.

Mzee amekubali jaribio moja tu. Mliocheka, njooni mshuhudie: Jumamosi, saa nne asubuhi, dukani palepale.