Wanataka kumzika mama kando ya kaburi langu

Admin, nifichie jina vizuri, maana hilo jina lenyewe ndilo lililoniponza. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na mmoja. Naishi Gasenyi, hapa Bujumbura, kwa mama yangu mdogo, na nauza vitenge kwenye duka moja la mtaa wa Asiatique. Mama mzazi aliniacha nikiwa mtoto, akaenda Ubelgiji kuomba hifadhi. Mwezi uliopita amefia hospitalini huko, bado anasubiri jibu.

Warundi wa kule wakaanza kuchanga ili mwili urudi kwetu. Nilifarijika sana, nikawaombea baraka watu nisiowajua. Kisha binamu yangu akanionyesha tangazo la mchango kwenye simu. Kulikuwa na picha ya mama anacheka, na chini wameandika kwamba amekwenda kuungana na binti yake wa pekee, aliyeuawa akiwa mdogo. Jina la huyo binti ni langu, pamoja na la ubatizo. Chini yake watu wameweka vikatuni vya machozi mpaka nikachoka kushusha.

Nikadhani wamekosea. Nikamkimbilia mama mdogo jikoni, naye wala hakushtuka. Aliendelea kuchambua maharage huku akinieleza kana kwamba ananitajia bei ya makaa. Mama alikataliwa mara mbili. Mara ya tatu akashauriwa kulipa ombi lake uzito, akasema waliomfukuza nyumbani walimuua binti yake. Tangu hapo wenzake wa kanisani kule walikuwa wanafanya misa ya kunikumbuka kila mwaka, na mama alikuwa analia mpaka anashikiliwa.

"Ungetaka afanye nini?" mama mdogo akaniuliza. "Bila mutoto wa kufa hawakumusikia."

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mama alinikataza kuweka picha yake Facebook, na kwa nini akiwa na watu aliniita "mdogo wangu" kwenye simu. Kila mwaka aliniambia nivumilie, akipata makaratasi atanivuta. Anivute vipi? Mtoto aliyekufa haombewi viza. Wanasema kufa kufaana, lakini mimi nilikufa bure, maana jibu lenyewe halikuja.

Nikasema nitawaandikia wale watu niwaambie ukweli. Mama mdogo akaniambia niandike tu. Watasema marehemu alikuwa mwongo, watarudishiana michango yao, naye atabaki kwenye friji ya wageni. Bibi, mama yake mama, ni mgonjwa wa kitandani, na kila asubuhi anauliza kama ndege imefika. Nilidhani yeye atanitetea. Akanishika kichwa, akaniambia kwa upole kabisa:

"Kufa kidogo tu, mujukuu wangu. Mupaka tumuzike."

Sijawahi kutukanwa vibaya hivyo, na aliyenitukana alikuwa ananibembeleza.

Wachangaji wawili watalisindikiza jeneza na kurekodi mazishi ili wenzao waone. Kwa hiyo nimepangiwa kazi. Nitakuwa msichana wa kugawa Fanta. Nisikae na familia, nisiweke ua, na nikilia nilie kama jirani. Nilikubali hata hayo. Lakini wakauliza tena yule mtoto alizikwa wapi, ili mama alazwe pembeni yake. Mama mdogo, mdomo wake hauna breki, akajibu kwamba kaburi lipo. Akaenda makaburini akapata kaburi dogo ambalo msalaba wake umeoza na hakuna anayelitembelea, na nafasi ya pembeni iko wazi. Kilichobaki ni msalaba mpya. Huyo mtoto wa watu, naye ana mama yake mahali fulani.

Aliyetumwa kuuagiza ni mimi, eti kwa sababu fundi yuko karibu na duka langu. Fundi akaandika jina. Akauliza alizaliwa lini, nikamjibu. Akauliza alikufa lini, nikakwama, ikabidi nimpigie mama mdogo, naye akautaja mwaka ule wa ombi la tatu. Fundi akanipa pole, akaniuliza huyu alikuwa nani yangu. Nikasema ni mdogo wangu.

Mama nampenda, na usiku namchukia. Tiketi ya jeneza italipwa Jumatatu. Nikisema niko hai kabla ya hapo, hatazikwa kwao, na bibi ataondoka na uchungu huo. Nikinyamaza, dunia nzima itaona kaburi langu kwenye video, na sijui baada ya hapo nitaanzia wapi kuwa mtoto wake. Msiniambie habari za kusamehe, hizo nimezisikia za kutosha. Fundi amenipigia leo kwamba msalaba umekauka, anauliza nani atakuja kuuchukua, na mama mdogo amesema niende mimi. Nishaurini, nifanye nini?