Pambano la Bantam Nililolikata

Siku yangu ya kwanza ukumbini nilivaa sare nyeupe ya uuguzi, nikapewa kazi ya kuwapima wanaume waliobaki na chupi. Nilikuwa nimehamishwa kutoka zahanati ya Marafa hadi hospitali ya Malindi, na tabibu wa ndondi alikuwa na homa. Muuguzi Mkuu, mama asiyependa maneno mengi, aliniambia, "Mwili wa mtu ni mwili, mwanangu. Nenda." Nikaenda, na kazi ya siku moja ikanifuata hadi kustaafu, hata nilipopelekwa Matsangoni.

Asubuhi ya pambano bondia hupanda mizani. Bantam ni uzani wa watu wembamba, juu kidogo ya fly na chini ya feather, na wengi walijinyima chakula ili waupate. Kisha nilimmulika machoni kwa tochi na kumsikiliza moyo. Pambano likianza nilikaa kando ya ulingo. Refa akimtilia shaka bondia, husimamisha mchezo na kumwita tabibu, naye humuuliza mambo madogo: jina lako nani, uko wapi, unapigana na nani. Hapo hatafuti jibu tu, anapima kama akili ingali nyumbani.

Siku hizi kila nikipita kahawani vijana huniuliza swali lile lile. Nani alikuwa bantam bora pwani hii, Katana wa Ganda au Omari wa Shela? Omari alikuwa na mkono wa kushoto mwepesi, akikugusa ameshaondoka. Katana alikuja mbele tu, huku akicheka. Walikutana mara moja, na mimi ndiye niliyelikata pambano lao. Nimechoka kuulizwa. Acha nieleze hapa, nipumzike.

Katana alikuwa anaongoza kwa alama. Raundi ya mwisho Omari akampata sikioni. Hakuanguka, alipepesuka tu. Refa akamhesabia hadi nane akiwa amesimama, kisha akaniita. Katana alinizidi umri, na siku zote alinitania, "Sista, lini utanipikia?" Siku hiyo aliinamisha kichwa kwa adabu.

"Shikamoo, mama."

Refa akafurahi. "Ana heshima zake, Sista. Yuko sawa."

"Katana, mimi ni nani?"

"Mama. Naja, namalizia kuteka maji."

Nilipunga mikono pambano likatishwe, na Omari akapewa ushindi ambao hakuutaka. Viti viliruka. Mwenyekiti wa chama cha ndondi alinijia juu: "Ilibaki dakika moja! Mwanamke ataijulia wapi ndondi?"

"Dakika hiyo ni ya Katana, si yako," nikamjibu. Nilitamani kulia.

Katana alilazwa kwetu hospitalini akitapika, akapona, lakini daktari alimkataza ulingo maisha yake yote. Akaninunia miaka na miaka. Tukikutana sokoni alivuka upande wa pili. Iliniuma, kwa sababu nilimpenda kama ndugu. Hata hivyo sikumwambia mtu alichonijibu. Bondia ana jina lake, na watu wangekumbuka maji yale wakasahau mikono yake.

Sasa nimestaafu, magoti yamekwisha, na masikio yamechoka kuliko magoti. Mwezi uliopita Katana alibisha hodi kwangu, ndevu nyeupe.

"Sista, niambie leo. Nilikujibu nini siku ile?"

Nikamwambia yote. Alifuta macho kwa kiganja.

"Mama tulikuwa tumemzika kabla ya pambano lile," alisema. Mimi sikuwa na habari. "Basi ni yeye aliyeniteremsha ulingoni, si wewe."

Nilimuuliza kama naweza kuwaandikia hayo vijana wa kahawani.

"Andika. Lakini andika pia kwamba ningemshinda Omari."

Kama ni kweli, sijui. Nimeandika.